Kisubi wa Nyuma ya W.W.

Pale kazini walimwita Mama Vivimbe, na jina hilo alilibeba bila kinyongo, maana kazi yenyewe ndiyo iliyompa. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa akichunguza vivimbe vya majani: viduara vidogo, vingine vyekundu kama shanga, vingine vyenye manyoya, ambavyo watu wengi wakiviona husema mti unaumwa. Hauumwi. Ndani ya kila kimoja amelala buu wa kisubi, mdudu mdogo kuliko mbu. Mama yake alitaga yai juu ya jani, na jani likamjengea mtoto nyumba. Kila aina ya kisubi ina mmea wake na mtindo wake wa kujengewa. Ukijua kusoma kivimbe, unamjua mwenye nyumba kabla hajafungua mlango, na Mama Vivimbe alijua kusoma.

Sasa alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Mezani kwake palikuwa na kazi moja aliyoapa kuimaliza kabla ya kukabidhi funguo: kuandika maelezo ya visubi wanne wa mimea ya asili, ambao hakuna kitabu kilichowahi kuwataja. Na kumweleza mdudu mpya si kusema tu nimemwona. Unapima bawa, unahesabu vipingili vya papasi zake, zile pembe nyembamba za kichwani, unachora mkia wa dume, unataja mmea anaokaa, kisha unasema alipatikana wapi, siku gani, na mkono wa nani. Watatu walikuwa tayari. Wa nne ndiye aliyemtoa jasho.

Huyo wa nne alimkuta kwenye droo ya chini, ile ya wasiojulikana, juu ya slaidi ya kioo iliyokwisha kugeuka rangi ya asali kwa uzee. Jike mmoja na buu mmoja. Dume hakuna. Lakini kazi ilikuwa safi, safi kupita kiasi: kichwa chini ya kioo chake, mabawa chini ya chao, kiwiliwili kando, kila kitu kimenyooka kana kwamba mdudu mwenyewe alijilaza. Mama Vivimbe hakuhitaji kuuliza mkono huo ni wa nani. Pembeni, kwa penseli, kwenye karatasi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, paliandikwa: "Kichaka cha majani ya kukwaruza. Nyuma ya W.W., tukingoja." Na tarehe, ya miaka arobaini na moja iliyopita.

"W.W. ndiyo nini sasa?" alijiuliza kwa sauti, na chumba kizima hakikuwa na wa kumjibu.

Zamani wangekuwapo wa kumjibu. Alipoingia chumba hicho akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, walikuwa watatu. Mkuu, ambaye siku hizi ni marehemu, alikaa karibu na mlango ili aone nani kachelewa. Dirishani, penye mwanga mzuri kuliko pote, alikaa Fundi, mtengenezaji wa slaidi, mwanamume mwembamba mwenye vidole virefu na mdomo usiotulia. Yeye, ambaye Fundi alimwita Binti, alipewa meza ya katikati. Chumba kilinuka mafuta ya karafuu tangu asubuhi hadi jioni, kwa kuwa ndani ya mafuta hayo Fundi aliwalaza wadudu wake kabla ya kuwafunika kwa utomvu. Hata nguo zilinuka karafuu. Mama yake alimwuliza siku za mwanzo kama ameajiriwa na daktari wa meno.

Fundi ndiye aliyempokea kazini. Mkuu alimpa vitabu. Fundi alimpa maneno. Alimwangalia siku ya kwanza akimvunja kisubi mguu, wa pili, wa tatu, akatikisa kichwa. "Binti, mikono hiyo ni ya kubebea magunia. Lakini macho unayo. Basi wewe angalia, mimi nitashika." Na ndivyo ilivyokuwa kwa zaidi ya miaka ishirini: yeye akaangalia, Fundi akashika. Yeye akasoma, akapanda, akawa mkubwa wa chumba. Fundi akastaafu, na nafasi yake haikujazwa mpaka leo. Dirisha likabaki na mwanga wake na kiti kitupu.

Alimtembelea mara ya mwisho lini? Mazishi ya mkewe, miaka minne iliyopita. Aibu ikampanda usoni, peke yake mle chumbani. Akaifunga slaidi kwa pamba ndani ya kiboksi, akaondoka kwenda kwake.

Fundi aliishi na binti yake, muuguzi, kwenye nyumba yenye veranda nyembamba na vyungu vya maua. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja, na mikono hiyo ilitetemeka. Haikutetemeka kwa baridi wala kwa hasira. Ilitetemeka tu, kama majani yanavyofanya. Mama Vivimbe alijikaza asiitazame.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Hiyo sauti..." Akainamisha kichwa upande. "Hiyo ni mikono ya magunia!"

Wakacheka mpaka muuguzi akatoka jikoni kuona kumetokea nini. Alikuwa amevaa sare, kofia mkononi, anajiandaa kwenda zamu ya mchana. Akamwamkia mgeni, akamletea kiti na chai, akataka kuwaacha.

"Kaa kidogo, mwanangu," Mama Vivimbe akamwambia. "Nataka msaada wa macho yako. Baba anaona?"

"Baba anaona anachotaka kuona," alisema muuguzi.

"Naona kivuli chako na kiburi chako," alijibu Fundi. "Lete, Binti. Umekuja na nini?"

Mama Vivimbe akaeleza yote: visubi wanne, watatu tayari, wa nne hana dume na hana kwao. Bila mahali alipotoka hawezi kumtangaza. Atabaki kwenye droo, na wao wenyewe wanajua jinsi droo zinavyosahau. Kisha akampa muuguzi ile slaidi na kioo cha kukuzia. "Msomee baba yako lebo. Labda atakumbuka hiyo W.W. ni kitu gani."

Muuguzi akaisogeza kwenye mwanga. "Kichaka cha majani ya kukwaruza," akasoma. "Nyuma ya W.W., tukingoja." Akaisogeza tena karibu na jicho. "Baba. Hii tarehe ni siku niliyozaliwa."

Fundi akaikamata mikono yake, mmoja kwa mwingine.

"Wodi ya wazazi," akasema mwishowe. "W.W. Wodi ya wazazi ya hospitali kuu. Ile ya zamani, yenye ukuta wa mawe."

"Ulikuwa unakusanya wadudu siku mama anajifungua?" Muuguzi hakujua kama acheke au akasirike.

"Sikwenda kukusanya wadudu. Nilikwenda kukungoja wewe." Fundi akageuza uso upande wa sauti ya mwanawe. "Niliomba ruhusa, Mkuu akaninyima. Akaniambia, anayezaa ni mke wako, wewe unakwenda kufanya nini huko? Kesho yake asubuhi nikatuma ujumbe kwamba tumbo linaniuma. Wala si uongo sana. Liliniuma kweli, kwa hofu. Mama yako alikuwa amepoteza wawili kabla yako. Unajua hilo."

"Najua mmoja," muuguzi akasema polepole.

"Wawili. Wa pili hakupenda atajwe."

Chai ilikuwa inapoa. Hakuna aliyeigusa.

"Wanaume hatukuruhusiwa ndani," Fundi akaendelea. "Nikazunguka nyuma, chini ya dirisha, nipate angalau kusikia. Nikasikia. Afadhali nisingesikia. Palikuwa na kichaka, kimejaa vivimbe vyekundu kila jani. Nikaanza kuvihesabu, maana ukihesabu huwezi kuwaza. Nilipofika mia mbili na kumi na tatu, mkunga akatoa kichwa dirishani akasema, wewe baba wa kichakani, una binti. Nilikuwa na majani mfuko mzima wala sikumbuki kuyachuma. Nikayatia kwenye chupa nyumbani, na kabla wewe hujapewa jina, visubi wakatoka."

"Na lebo?" Mama Vivimbe akauliza. "Kwa nini ukaficha?"

"Ningeandikaje wodi ya wazazi, na siku hiyo naumwa tumbo? Mkuu alikuwa anasoma kila lebo." Tabasamu likaanza kumjia. "Aliisoma hii pia. Nikasema leo nimekwisha. Lakini si unamjua, alikuwa mtu wa kujua kila kitu. Akakubali kwa kichwa tu, kama mtu anayepajua, tarehe hata hakuitazama. 'W.W., sawasawa,' akasema, akapita."

Mama Vivimbe alicheka hadi machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Aliyaona yale yote: Mkuu na miwani yake kwenye ncha ya pua, Fundi ameinama dirishani akijifanya ana kazi. Muuguzi naye alikuwa ameketi chini kwenye sakafu ya veranda na sare yake nyeupe, akiishikilia slaidi kwa mikono miwili. Zamu aliisahau mpaka simu ikamkumbusha.

Jumamosi asubuhi walikwenda watatu, kwa teksi. Muuguzi alikuwa anafanya kazi katika hospitali hiyohiyo. Miaka kumi na tano amekuwa akipita mbele ya jengo la mawe bila kujua kama nyuma yake kuna kitu. Wodi ya wazazi ilikwisha kuhamia ghorofa mpya. Humo sasa walitunza vitanda vibovu na mafaili. Fundi alishikwa mkono akapelekwa kando ya ukuta, akiupapasa kwa kiganja, akihesabu madirisha.

"Hili la tatu," alisema. "Kichaka kiko mkono wangu wa kulia."

Kulia kwake palikuwa na mstari wa maua ya kigeni, yamekatwa sawasawa kama yaliyopimwa kwa kamba, mekundu na meupe. Mama Vivimbe moyo ukamshuka. Katika mji mzima kichaka kile kilikwisha kung'olewa. Zamani kilikuwa kila uwanja na kila njia, siku hizi watu wanataka ua lililonunuliwa. Mtunza bustani akaja na makasi yake kuuliza wanatafuta nini.

"Kichaka chenye majani ya kukwaruza," alisema muuguzi. "Kina vidonda vyekundu."

"Aa, kile kigonjwa! Nimekikata wiki mbili zilizopita. Kilikuwa kinaharibu sura ya bustani."

"Chote?" Mama Vivimbe sauti ilimpasuka.

Mtunza bustani aliwatazama: mzee asiyeona vizuri, mama mtu mzima mwenye mkoba wa chupa mbili begani, na muuguzi anayemfahamu, wote wamesimama kana kwamba wamepewa habari ya msiba. Akakuna kichwa. "Kuna kipande nyuma ya tangi. Makasi hayafiki huko. Lakini nacho ni kigonjwa vilevile."

Mama Vivimbe alikwenda mbio, umri wake na magoti yake akayaacha palepale. Kati ya tangi la maji na ukuta, mahali ambapo mtu anaingia kwa ubavu tu, matawi matano yalikuwa yamejipenyeza kutafuta jua. Majani yalikwaruza kama ulimi wa paka. Na juu yake, vivimbe, vyekundu, viduara, vingine tayari vina kitundu pale mwenye nyumba alipotokea, vingine bado vimefungwa. Alichuma majani kumi na tisa, akaacha mengine ili kizazi kisikatike. Akamletea Fundi moja. Fundi akalishika kwa vidole vyake visivyotulia, akapitisha kidole gumba juu ya kivimbe.

"Ndicho," akasema. Muuguzi alikuwa anamwangalia mtunza bustani, anamweleza kwa ukali wa kiuuguzi kwamba kipande kile kisiguswe tena na mtu yeyote, na kwamba si kigonjwa, kina watoto.

Kisha ukaja ungojaji. Chupa mbili zilikaa mezani kwa Mama Vivimbe, zimefungwa kitambaa chepesi. Siku ya tano wakatoka nyigu, wadogo kama nukta, wale wanaotaga ndani ya buu wa kisubi na kumla kutoka ndani. Akaapiza. Siku ya saba, nyigu tena. Siku ya tisa wakatoka visubi, majike wanne. Siku ya kumi na moja, asubuhi, alipokuwa hajavua hata mkoba, akamwona mmoja amesimama kwenye kioo, papasi zake ndefu zenye manyoya ya duara kama shanga kwenye uzi. Dume. Peke yake. Baada ya hapo hakutoka mwingine.

Kisubi mzima anaishi siku moja, akijaliwa mbili. Akamtia kwenye spiriti, akakaa chini akiitazama mikono yake. Alikuwa amekwisha kutengeneza slaidi nyingi baada ya Fundi kuondoka, za kutosha kufanyia kazi, lakini hii haikuwa ya kutosha tu. Hii ndiyo ingekaa miaka mia, kila atakayekuja akitaka kumjua kisubi huyo aje kuitazama. Mguu ukivunjika, papasi ikikatika, hakuna wa akiba.

Kesho yake akaibeba hadubini, chupa ya mafuta ya karafuu na sindano, akateremka nazo kwa Fundi. Waliondoa vyombo kwenye meza ya kulia, wakaisogeza dirishani. Muuguzi hakuwa na zamu. Alifungua chupa ya mafuta, na harufu ilipotoka Fundi alifumba macho.

"Hiyo," akasema. "Haya, Binti. Nieleze unachokiona, nami nitakueleza la kufanya. Safari hii mimi naangalia, wewe unashika."

Ilichukua saa tatu. Mama Vivimbe alitaja kila kitu kwa sauti, bawa liko wapi, kichwa kimegeukia wapi, na Fundi alijibu kwa sauti ya chini, bila haraka. "Usimsukume. Sogeza utomvu, yeye atafuata." "Pumua nje, usipumue ndani." "Sindano ilaze, usiisimamishe." Mabawa yakaenda. Kichwa kikaenda na papasi zote mbili, vipingili vyote. Ikabaki mkia, kile kipande cha nyuma ambacho ndicho kinachomtofautisha dume mmoja na mwingine, kidogo kuliko chembe ya vumbi. Akakilaza, akashusha kioo juu yake, na povu la hewa likaingia palepale, likakaa kando ya mkia.

"Povu," alisema. Sindano ilikuwa tayari imeelekea.

"Usiliguse!" Fundi alisema kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu astaafu, miaka kumi na sita. "Weka sindano chini. Weka. Mikono mezani. Sasa nihadithie habari nyingine."

"Habari gani?"

"Yoyote. Nani anakaa kwenye kiti changu siku hizi?"

"Hakuna," akasema Mama Vivimbe. "Kiti kipo vilevile. Wanaweka maboksi juu yake, nayaondoa. Wanaweka tena." Akamweleza kuhusu chumba, kuhusu dirisha, kuhusu droo zinazobana wakati wa mvua. Muuguzi ndiye aliyeinama kwenye hadubini, kwa udadisi wake tu, akasema, "Shangazi, hili duara linalotembea ni la kawaida?" Povu lilikuwa linaondoka lenyewe, polepole, likafika ukingoni mwa kioo, likatoweka. Mkia ulibaki umelala sawasawa.

Habari ya jina ilizuka palepale mezani. Mama Vivimbe alitaka kumpa mdudu jina la Fundi, Fundi akakataa katakata, akasema hataki kuitwa mharibifu wa bustani. Mama Vivimbe akataka la muuguzi. Muuguzi akasema asante, ana wagonjwa wa kutosha wanaomwita mdudu. Mwisho Mama Vivimbe akachagua neno la Kilatini lenye maana ya "aliyesubiriwa," na hakuna aliyebisha. Lakini mahali pa kutaja alipopatikana Fundi alikaza uzi: iandikwe wodi ya wazazi, herufi zote, na tarehe, na aliyekusanya. "Mkuu kama bado anasoma huko aliko," akasema, "basi asome."

Jarida lenye maelezo ya visubi wote wanne lilitoka wiki sita kabla ya Mama Vivimbe kukabidhi funguo. Aliwapelekea nakala. Muuguzi akasoma kwa sauti, akijikwaa kwenye maneno ya kitaalamu, na Fundi hakungojea hata afike kwenye jina lake. Alimkatiza kwenye papasi kuuliza kama vipingili vilihesabiwa mara mbili. Vilihesabiwa mara nne. Akaridhika.

Baada ya kustaafu, Mama Vivimbe aliomba ruhusa ya kurudi chumbani kila Alhamisi kusafisha ile droo ya wasiojulikana, na akaomba ya pili: aje na mtu. Wakampa. Sasa kila Alhamisi asubuhi maboksi yanaondolewa kwenye kiti cha dirishani na Fundi anakaa, mwanga usoni, mikono mapajani. Mama Vivimbe anamsomea lebo za penseli moja moja. Nyingi anazijua kabla hajamaliza kusomewa: hii ni bonde la nyuma ya shule, siku gari la Mkuu lilipokwama, hii ni kwa shemeji yake, siku ya ugomvi wa mbuzi. Anasimulia, Mama Vivimbe anaandika kirefu kwa wino, na kazi inachelewa kwa sababu ya vicheko.

Alhamisi moja akamsomea: "Chini ya daraja, na M." Fundi akafikiri, midomo ikicheza.

"Hii siikumbuki," akasema.

"Hata huyo M.?"

"Hata yeye. Lazima tulikuwa na siku nzuri, la sivyo nisingemwandika." Aligeuza uso dirishani. Mama Vivimbe akangoja, akampa nafasi, mpaka akaona kumbukumbu haiji. Akaandika kwa wino: mahali hapajulikani.

"Haya," Fundi akasema, "lete nyingine."